Gesi ya Akdash Inakwisha

Video ilikuwa ya sekunde arubaini tu. Shemsa aliitazama mara tatu kabla hajakubali kwamba yule mtu aliyenyolewa kipara ni kaka yake.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki jana, na barua zenu zimetufikia, kwa hiyo hatutawazungusha. Mkahawa ni ule ule wa Alum Rock Road, Birmingham, meza ya nyuma karibu na friji ya soda, Jumatano saa nane mchana. Mbele yake amekaa Mohamedamin, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, mwenye ofisi ya kutafutia watu kazi za nje mlango wa pili kutoka hapo. Simu ni yake. Aliisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja, wala hakuiangalia.

Ndani ya simu, Vuai amevaa shati la kijivu lisilo na ukosi. Anasoma karatasi kwa Kiingereza. Anasema yeye, fundi wa kukagua mabomba, alikusanya siri za Jamhuri ya Tarkhani akazipeleka kwa maadui zake. Anasema anatendewa vyema na anakula vizuri. Anamwomba Rais msamaha. Kisha anainua macho, kama anayemuuliza mtu nyuma ya kamera iwapo inatosha, na picha inakatika.

Kama ndiyo kwanza umelishika gazeti hili, nitakueleza kwa haraka.

Shemsa ana miaka arubaini na mitatu, mzaliwa wa Mkunazini, Unguja, na kazi yake ni kuandika hali za nchi. Shirika dogo la utafiti katikati ya Birmingham humlipa asome bajeti, hotuba na bei za mkate za nchi asizowahi kuzikanyaga, kisha aseme zinaelekea wapi. Mwisho wa kila ripoti huandika kama mwelekeo wa nchi ni imara au ni hasi. Mabenki na mifuko ya pensheni hulisoma neno hilo kwanza, na wengi hawasomi jingine.

Tarkhani ni nchi ya jangwa na gesi. Mtu mmoja anaitawala mwaka wa ishirini na tatu huu, na siku hizi picha ya mwanawe imeanza kutundikwa pembeni ya picha yake mashuleni. Takriban fedha zote za kigeni zinatoka kwenye bomba moja linalokwenda kwa mnunuzi mmoja. Kila mwaka serikali hutangaza kwamba uchumi umekua kwa asilimia sita nukta tatu. Mwaka wa ukame sita nukta tatu, mwaka wa maradhi sita nukta tatu. Dola ina bei ya benki, ambayo hakuna anayeipata, na bei ya sokoni, ambayo ni mara sita yake. Mwanamume wa chini ya miaka arubaini haruhusiwi kusafiri nje. Unga unagawiwa kwa kadi.

Yote hayo Shemsa aliyatia kwenye rasimu yake, na yasingemuudhi mtu sana, maana wakubwa wa Tarkhani wamezoea kusemwa. Kilichoudhi ni aya moja tu. Shemsa aliandika kwamba presha kwenye visima vya Akdash, vinavyolisha bomba lile, imeshuka kwa theluthi nzima katika miaka minne. Maana yake gesi inakwisha. Nchi inayotaka kukopa dola bilioni mbili na kuzilipa kwa miaka kumi ina gesi ya miaka mitano.

Namba ile haimo kwenye kitabu chochote. Shemsa aliipata kwa Vuai, kwenye simu, siku moja ya Ijumaa. Vuai alikuwa anamsimulia huku anacheka kwamba mabosi wamebandika karatasi juu ya vipimo vya presha ili wafanyakazi wasivione, na yeye kazi yake ni kuviona. Shemsa akamuuliza imeshuka kiasi gani. Vuai akamwambia. Walikuwa ndugu wawili wanazungumza, basi.

Sasa turudi mezani.

"Sister, mimi sitaki maneno mingi," alisema Mohamedamin. "Hawa watu wanataka vitu tatu. Toa hiyo maneno ya Akdash. Toa hapo umeandika kuhusu kijana wa Rais kurithi kiti. Halafu mwisho, pahali umeweka hasi, weka imara. Ripoti itoke hivyo kesho saa sita. Wiki ijayo Vuai yuko hapa Saltley na nyinyi."

"Na nisipofanya?"

"Usiniulize hiyo."

Alimweleza pia kwamba akikimbilia serikali ya Uingereza, video ile itarushwa kwenye televisheni ya Tarkhani jioni hiyo hiyo. Mtu akishaonyeshwa kwenye televisheni yao hakuna tena wa kumtoa, kwa sababu Rais hakosei.

Shemsa alimuuliza kama haoni haya. Alimkumbusha kwamba ni yeye aliyemtia Vuai kazini, yeye aliyekaa sebuleni kwao akala chakula cha mama yao, akawaambia Tarkhani ni nchi tulivu isiyo na wezi. Mohamedamin hakukasirika. Alichukua simu yake, akaifuta kioo kwa leso, akamwambia kwamba ana watu sitini kule: mafundi wa kuchomelea, madereva, walinzi, wengine wa Nairobi na Mombasa, wengine wa mtaa huu huu. Pasipoti zao zote zimefungiwa kwenye kabati la wizara. Wake zao wanakuja ofisini kwake kila wiki, wanakaa kwenye viti mpaka jioni.

"Niambie ungekuwa mimi ungefanya nini," alisema.

Shemsa aliliruka swali hilo. Akauliza jingine. Walijuaje kwamba aliyetoa namba ni Vuai?

"Walahi sijui. Walikuwa na ripoti yako kabla hata mimi nisikie kuna ripoti. Walinionyesha. Ilikuwa na jina la ofisi yenu hapo juu."

Shemsa alisimama bila kuaga. Ripoti ilikuwa bado haijatoka. Rasimu ile ilionwa na watu watatu tu duniani, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao.

Wa pili alikuwa Brigid.

Brigid ni mama wa Kiairishi wa Kingstanding, miaka sitini na nne, anayesahihisha ripoti zote za shirika na kuziweka kwenye majalada. Yeye anajua kila karatasi imekwenda wapi na lini. Shemsa alimkuta anakula tufaha mbele ya kompyuta. Alimuuliza kwa sauti ya kawaida kama rasimu ya Tarkhani ilipata kutumwa nje ya ofisi.

Brigid hakuuliza sababu. Alitafuta, akasogeza kiti ili Shemsa aone mwenyewe. Rasimu ilitumwa wiki tatu zilizopita, kutoka kwa mkuu wa shirika, kwenda Wizara ya Fedha ya Tarkhani, kwa ajili ya kuhakiki takwimu. Brigid alisema alidhani Shemsa anajua. Ni desturi, alisema, benki inayosimamia mkopo ikiomba.

Vuai aliacha kupokea simu siku kumi na tisa zilizopita.

Shemsa aliingia kwa mkuu wake bila kubisha mlango.

Narendra alizaliwa Kisumu, akaletwa Uingereza ana miaka tisa, na Kiswahili alichobaki nacho hukitoa anapotaka kumlainisha mtu. Wafanyakazi wengine wanakichekelea. Shemsa amekuwa akikipenda, kwa sababu katika jengo lile hakuna mwingine wa kuzungumza naye. Leo Narendra alimwona uso tu, akavua miwani.

"Dada, kaa chini."

Shemsa hakukaa. Alimweleza habari ya video kwa maneno machache, na mara hii rangi ilimtoka Narendra. Aliapa kwamba hakujua. Alisema kila shirika hufanya hivyo, hupeleka rasimu kwa serikali husika ili makosa yasahihishwe, na kwamba alikuwa mwangalifu.

"Nilifuta jina yako," alisema. "Jina yako haikuwa huko, hata pahali moja."

"Namba uliifuta?"

Narendra aliangalia miwani aliyoishika.

"Waliojua namba ile kule, kwa alivyoniambia Vuai, ni watu kumi na wawili, Narendra. Mmoja wao tu ana dada Birmingham anayeandika ripoti. Nani alihitaji jina langu?"

Narendra alivaa tena miwani yake. Alipofungua kinywa hakuzungumzia Vuai tena. Alisema benki ilimpigia Jumatatu. Benki ilisema kwa adabu kabisa kwamba ripoti yenye neno hasi haina kazi kwao, na kwamba London imejaa mashirika mengine. Alisema ana wafanyakazi kumi na wanne. Kisha akageuza kompyuta yake.

Hitimisho jipya la ripoti ya Tarkhani lilikuwa limeshaandikwa. Narendra alilitunga mwenyewe siku ya Jumanne, kabla ya video na kabla ya mkahawa wa Alum Rock. Akdash haimo. Mtoto wa Rais hayumo. Chini kabisa limekaa neno imara.

Shemsa alicheka. Alicheka mpaka Narendra akainuka kwenda kufunga mlango.

Jambo ambalo watu wa Tarkhani walimkamatia kaka yake, wakamnyoa, wakamsomesha karatasi mbele ya kamera, lilikuwa limeshafanywa bure na mtu mwenye kikombe cha chai, kwa sababu benki ilipiga simu. Wangengoja wiki tatu tu wangelipata bila kumgusa mtu.

"Basi toa ripoti yako," alisema. "Mimi unanitakia nini?"

Narendra alimwambia ukweli, na hilo tumpe. Miaka miwili iliyopita Shemsa peke yake aliandika kwamba nchi fulani haitaweza kulipa deni lake. Wakamcheka, na miezi saba baadaye nchi ile ikashindwa kulipa. Tangu siku hiyo wanunuzi wa hati fungani, wale wanaozikopesha nchi fedha, hawaulizi shirika limesema nini. Wanauliza Shemsa amesema nini.

"Bila saini yako hii ni karatasi tu," alisema Narendra. "Naomba, dada."

Shemsa alichukua koti lake akaenda nyumbani.

Nyumba yao ya Saltley ina vyumba vitatu na watu watatu siku hizi: Shemsa, mama yake Bi Mwanakhamis, na Aida, binti wa Vuai, mwenye miaka kumi na mitano. Mama yake Aida alifariki mtoto yuko darasa la pili. Bi Mwanakhamis amekaa Uingereza miaka minane na Kiingereza chake kinaishia dukani. Yeye aliambiwa Vuai yuko jangwani kwenye visima vya mbali, ambako simu hazishiki.

Walikuwa wanakula. Aida aliweka kijiko chini. Kama kawaida yake alisema kwa Kiingereza, taratibu, macho kwenye sahani. Alisema ametafuta mtandaoni jina la kampuni ya baba yake. Alisema kuna watu wa Tarkhani wanaoishi nje ya nchi wameandika kwamba mafundi wa Akdash wamekamatwa, na mmoja wao ni mgeni. Alitaka kujua kama mgeni huyo ni baba yake, na kama watamuua.

"Kasema nini mtoto?" aliuliza Bi Mwanakhamis.

Shemsa alimeza alichokuwa nacho mdomoni.

"Anauliza baba yake atarudi lini."

Sasa, wasomaji, Aida hazungumzi Kiswahili sana lakini anakielewa chote. Alimsikia shangazi yake. Alimtazama, na katika kule kutazama alipata jibu la kila alichouliza. Bibi alikuwa amemgeukia, anangoja, mkono wenye tonge umesimama hewani.

"Ndiyo, Bibi," alisema Aida, kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Nauliza lini."

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Mwanakhamis. "Baba yako hakawii."

Aida aliendelea kula. Alikula mpaka sahani ikawa tupu, mtoto ambaye siku zote huacha nusu. Shemsa alimwangalia anavyotafuna na akaona kwamba uamuzi umeshafanyika. Hakukumbuka hata ni wakati gani alioufanya.

Asubuhi ya Alhamisi aliipeleka ripoti mpya kwa Brigid asahihishe.

Brigid alisoma kurasa zote, akarekebisha nukta mbili tatu. Alipofika mwisho alikaa na kalamu mkononi. Rasimu ya kwanza aliisoma pia, na hajawa mzee wa kusahau. Alimuuliza Shemsa kama kuna jambo limebadilika Tarkhani. Shemsa alisema kuna taarifa mpya. Brigid akatikisa kichwa polepole. Alisema marehemu mumewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari cha Longbridge miaka ishirini na sita, na yeye sasa anaishi kwa pensheni ya mumewe huyo. Hajui fedha zile huwekwa wapi, na hana wa kumuuliza zaidi ya watu kama Shemsa.

Alimrudishia karatasi. Shemsa alisaini saa sita kasoro dakika kumi.

Aliyoogopa hayakutokea. Hakuna aliyempigia simu kumtukana. Ripoti ilitoka, akanywa maji, akajibu barua pepe ya mtu aliyetaka kujua habari za shaba ya Zambia. Saa tisa akaenda chooni akanawa uso, akarudi kwenye kiti chake.

Jumatatu Tarkhani iliuza hati zake za mkopo. Zilikwisha kwa saa mbili, na wanunuzi walikuwa wengi kuliko hati. Jioni Waziri wa Fedha alisimama kwenye televisheni ya taifa, akasoma sentensi nzima ya Shemsa kwa lugha yao, akaiita kauli ya wataalamu huru wa Birmingham. Nyuma yake zilionekana picha mbili, ya baba na ya mwana, na safari hii ya mwana ilikuwa kubwa zaidi. Siku iliyofuata wale watu wa Tarkhani wanaoishi nje ya nchi waliandika kwamba kadi ya unga imepunguzwa kutoka kilo nane hadi tano. Kwa unga nchi haikuwa na fedha.

Mohamedamin lakini alitimiza neno. Jumanne alileta nyumbani picha ya tiketi. Vuai angesafiri Jumatano, kupitia Istanbul, afike Birmingham saa kumi jioni. Bi Mwanakhamis, aliyekuwa hajui mwanawe ameponea wapi, alisema kumbe kampuni yenyewe ni ya watu waungwana, wanamlipia mtu ndege. Akaanza kuroweka mchele wa mkate wa kumimina.

Jumatano Shemsa na Aida walikuwa uwanja wa ndege saa tisa. Mohamedamin naye alikuja. Alisimama mbali kidogo, karibu na duka la kahawa, ameegemea nguzo. Alisema anataka kuona kwa macho yake, ili akawaambie wale wanawake wanaokaa kwenye viti vyake kwamba watu hurudi.

Ndege ilitua kwa wakati wake. Milango ilifunguka, wakaanza kutoka: familia zenye masanduku yaliyofungwa kamba, wanafunzi, mzee mmoja aliyekuwa akisukumwa kwenye kiti. Aida alikuwa anasimama kwa ncha za vidole kila mlango ulipofunguka. Watu wakapungua. Wakatoka wahudumu wa ndege na vijisanduku vyao vya magurudumu. Kisha mlango ukafungwa na haukufunguka tena.

Shemsa alimtazama Mohamedamin. Mohamedamin alikuwa ameshaacha nguzo yake.

Hapo simu ya Shemsa ikalia, namba ya nje.

"Shemsa, mimi." Sauti ilikuwa ya Vuai, imekwaruza kama ya mtu aliyekaa sana bila kuzungumza. "Nipo Istanbul. Nipo salama. Sikupanda ndege."

Shemsa alikaa chini pale pale, kwenye sakafu. Alimuuliza ana nini, yuko wapi, nani kamzuia. Vuai alisema hakuzuiwa na mtu. Yuko kwenye ofisi ya waandishi wa habari, watu wazuri, wamempa chai na koti. Kisha alimsimulia, haraka haraka, na sisi tutamsimulia msomaji hivyo hivyo.

Kule alikofungwa alikuwa na wenzake kumi na mmoja chumba kimoja, wote mafundi wa Akdash, wote wenyeji, wote walikamatwa kwa sababu ya namba ile. Walipigwa ili waseme nani aliyeitoa. Vuai alikubali siku ya kwanza kwamba ni yeye. Hawakuachiwa kwa hilo. Jumapili, ilipojulikana kwamba mgeni atatolewa, wale kumi na mmoja hawakumwomba awatafutie wakili. Kila mmoja alimsomesha kisima chake: presha ya mwaka huu, ya mwaka jana, ya mwaka juzi, mpaka akaweza kuzisema zote bila kukosea. Hakutoka na hata kipande cha karatasi. Vilikuwa kichwani.

"Baada ya saa moja nazungumza mbele ya kamera," alisema. "Nataka nizitoe kabla hazijanipotea."

"Vuai, njoo nyumbani kwanza. Mtoto yuko hapa. Mama anapika."

"Nikija nyumbani kwanza n'tanyamaza. Najijua."

Mohamedamin alikuwa ameinama karibu nao, amesikia ya kutosha. Uso wake ulikuwa umejikunja kama wa mtu mwenye maumivu ya jino.

"Mwambie asiongee," alisema. "Sister, tafadhali. Mwambie niko na watu sitini pale ndani."

Shemsa alimwambia. Vuai alisema anawajua wengi wao kwa majina, na kwamba gesi ikikwisha hawatarudishiwa pasipoti bali watasahauliwa jangwani. Alisema hayo bila hasira. Akamwomba Shemsa amwambie Aida kwamba anakuja, ni siku mbili tatu tu.

"Na wewe usiwe na hofu," alisema, na sasa sauti yake ilichangamka ikawa karibu na ile ya zamani. "Hawa hapa walikuwa wananiuliza nani atamwamini fundi bomba asiye na karatasi. N'kawaambia, mimi msiniamini. Msomeni dada yangu. Yeye keshayaandika yote, tena kabla sijakamatwa. Kule ndani, Shemsa, ndilo lililokuwa likinipa nguvu, kwamba angalau wewe umeshaandika. Wanaitafuta ripoti yako sasa hivi."

Shemsa alitaka kusema kitu. Aida alikuwa amepiga magoti mbele yake, amenyoosha mkono, anangoja apewe simu azungumze na baba yake.

"Ngoja," alisema Vuai. "Wameipata. Kuna mmoja anataka kukuuliza jambo. Nakuweka kwenye spika."

Ikaja sauti ya mwanamke, kwa Kiingereza cha upole. Iliuliza kama inazungumza na mwandishi wa ripoti ya Tarkhani iliyotoka Alhamisi iliyopita. Shemsa alisema ndiye.

Mwanamke alishukuru. Alisema ana sentensi moja tu ya kumsomea, ya mwisho, na akaisoma yote mpaka kwenye lile neno, imara. Kisha akasema kwamba huyu mtu aliyekaa mbele yake anasema kinyume kabisa, na anasema ni kaka yake. Wao wanaingia hewani baada ya saa moja, na wangependa kujua kwanza ni yupi kati ya ndugu hawa wawili aliyesema uongo.

Nyuma ya sauti hiyo, Shemsa alisikia kaka yake anaweka kikombe mezani, taratibu sana.